Bomba la Taifa Lafika Vumbini

Siku za nyuma, na nyuma yenyewe si mbali, ni hapo tu ukigeuza shingo, kulikuwa na nchi isiyokuwa na mtu hata mmoja asiye na kazi. Msinitolee macho. Sikusema watu walikuwa na kazi. Nimesema asiye na kazi hakuwepo, na mkinipa nafasi mtaelewa tofauti yake.

Awali nchi hiyo ilijaa wahitimu wa vyuo vikuu, wakizunguka mitaani na bahasha za kaki kwapani. Wageni wakaanza kuuliza maswali. Baraza la Mawaziri likakaa siku tatu kwenye hoteli yenye upepo mzuri, likala vizuri, likatoka na dawa. Kuanzia siku hiyo, mtu aliyemaliza chuo asiitwe tena hana kazi. Aitwe Msubiri. Kusubiri kukatangazwa kuwa utumishi wa taifa, kukatungiwa sheria, wimbo, na kadi ya kijani yenye picha. Kesho yake takwimu zikasomwa redioni: wasio na kazi, sifuri. Wananchi wakapongezwa kwa mafanikio hayo, nao, kwa kuwa ni watu wa adabu, wakasema asante.

Kadi ya kijani ilihuishwa kila baada ya miezi sita kwenye Ukumbi wa Rejista. Unapanga foleni, unafika dirishani, karani anakuuliza, "Jina?" Unataja. "Umesomea?" Unataja. "Kazi?" Hapo sharti usimame wima, ujibu kwa sauti ya kusikika: "Ninasubiri!" Karani anaandika, anagonga mhuri, unapita. Ukijibu kinyonge unarudishwa mwisho wa foleni. Kuna dada mmoja aliyesomea falsafa aliuliza, "Nasubiri nini?" Mpaka leo hajapewa kadi.

Mhitimu mmoja, jina lake Sikudhani, alikuwa ameshajibu mara nane, ndiyo kusema miaka minne. Alikuwa binti mrefu, mwenye miguu ya kupanda vilima, kwa kuwa alizaliwa Vumbini, mtaa wa juu kilimani ambako kila ndoo ya maji hupandishwa kichwani kutoka bondeni. Kwa sababu ya ndoo hizo alisomea uhandisi wa maji. Akapata daraja la kwanza. Nafasi za injinia wa maji zilitangazwa kila mwaka, na kila mwaka sharti lilikuwa lile lile: mwombaji awe na uzoefu wa miaka kumi, na uzoefu huo awe ameupata akiwa injinia wa maji. Wakati huohuo kifungu cha tisa cha Sheria ya Wasubiri kilimkataza Msubiri kufanya kazi aliyoisomea. Akikutwa, miezi sita ndani.

"Tunawalinda wananchi," alifafanua Waziri wa Maji, Mheshimiwa Kisangilo, alipoulizwa. "Injinia asiye na uzoefu ni hatari. Anaweza kupeleka maji mahali yasipotarajiwa!"

Watu walitikisa vichwa kwa woga. Kwa kweli ni jambo la kuogofya.

*

Sasa mtaniuliza, hao Wasubiri walikuwa wanakula nini? Walikuwa na vibarua, jamani, tena vya heshima. Aliyesomea misitu alikodishwa kusimama pembeni ya kiongozi anapopanda mti, amshikie koti. Aliyesomea takwimu aliandika majina ya wageni kwenye harusi. Sikudhani yeye alibahatika zaidi: alichukuliwa na Idara ya Shangwe.

Idara hiyo ilishughulikia uzinduzi. Na hapa lazima niwaeleze kuhusu Bomba la Taifa, maana bila kulijua hamtaelewa lililotokea. Nchi nzima ilikuwa na bomba moja la kuzinduliwa. Lilikuwa la shaba, limeng'arishwa mpaka unajiona meno. Lilikaa ndani ya sanduku la mahameli nyekundu, likasafiri kwa gari lake, na dereva wake, na askari wake mwenye bunduki. Likifika mtaani linafungwa juu ya nguzo ya chuma. Nyuma ya bango kubwa lenye uso wa Mheshimiwa linajificha boza, lile gari la tangi la maji, na mpira wa boza unapita chini ya zulia mpaka kwenye nguzo. Mheshimiwa anahutubia, anazungusha, maji yanatoka, makofi. Wakishapiga picha, askari analifungua bomba, analifuta, analirudisha kwenye sanduku, hao, mtaa mwingine. Siku nyingine hata mitaa mitatu. Kitabu cha Wizara kilionyesha kwamba mitaa mia nne na kumi na miwili ilikuwa imefikiwa na bomba, na huo si uongo. Bomba lilifika kweli.

Kazi ya Sikudhani ilikuwa Mwananchi wa Kwanza. Anakinga kikombe, anakunywa, anacheka. Malipo: fulana, soda, na nauli ya kurudia. Mwenzake Fotunati, kijana mnene mwenye macho ya huruma aliyesomea sheria, alikuwa Mliaji: Sikudhani akishacheka, yeye analia kwa furaha. Adelina, mfamasia, alizimia. Wachumi wawili walipiga vigelegele. Idara iliwapenda sana wahitimu, kwa vile wanaelekezeka, wanakariri haraka, na hawaombi ajira ya kudumu.

"Furaha ianzie tumboni!" Mkurugenzi wa Shangwe, Bwana Makwinya, aliwafokea kila asubuhi kwenye mazoezi. Alikuwa mtu mfupi, na suti yake ilikuwa na mifuko mingi kuliko kalamu alizonazo. "Wewe Fotunati, jana ulilia kama umefiwa. Nataka machozi ya maendeleo!"

"Sawa, mzee."

"Na wewe Sikudhani, kile kicheko cha jana kilikuwa na maswali ndani yake. Kitoe."

Alikitoa. Miaka minne alicheka, akanywa maji ya boza mikoa yote, na usiombe kujua ladha yake. Kilichomuuma zaidi kilikuwa wale akina mama wenye ndoo. Baada ya gari la bomba kuondoka, walibaki wameizunguka nguzo tupu, wakiigonga kwa vidole. Sikudhani hakuwatazama usoni. Alipanda gari la vibarua, akafunga macho mpaka mtaa mwingine.

*

Jumatatu moja ratiba ya wiki ikabandikwa ukutani. Jumamosi, saa nne asubuhi: Vumbini.

Sikudhani aliisoma, akairudia. Halafu akaomba ruhusa ya mchana mmoja, akapanda kwao.

Alimkuta mama yake, Bi Mwajabu, uani akichambua mchele kwenye ungo, amenyoosha mguu mmoja mbele. Goti la mguu huo lilikuwa limevimba tangu mwaka juzi, alipoteleza na ndoo kwenye yale mawe ya bondeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda."

"Mama, kuna jambo. Jumamosi tunakuja huku. Na Waziri."

"Nimesikia. Wamepita na kipaza sauti, wakatwambia tuvae nguo safi." Bi Mwajabu akaokota punje ya jiwe, akaitupa. "Nikajiuliza, tuzifue kwa maji gani?"

Sikudhani akachuchumaa kando ya ungo. Miaka yote alikuwa amemwambia mama yake kwamba anafanya kazi za maji, na mama hakuwahi kuuliza zaidi. Kumbe jirani alikuwa na televisheni.

"Nakuonaga," mama akasema bila kunyanyua macho. "Kila mkoa unakunywa maji ya watu, unacheka. Mtaa mzima huniita nije kutazama. 'Njoo, Mama Siku, mwanao huyo!' Nami nakwenda, natazama, narudi. Sijakusema, kwa kuwa ni kibarua, na mtu lazima ale. Lakini hapa, mwanangu, mbele ya hizi ndoo, mbele ya hili goti..." Akaweka ungo chini. "Ukija kucheka hapa, siku hiyo usiniite mama."

"Nikikataa wananifutia kadi. Nikifutiwa kadi sipati tena hata kibarua cha kushika koti."

"Mimi nimesema langu."

Alishuka kilima akiwa na hasira, hasira ya kweli ile inayokausha mate. Kwanza alimkasirikia mama yake. Alipofika nusu ya njia akagundua amekosea mtu. Akasimama, akageuka kutazama juu. Pale juu kabisa, upande wa pili wa Vumbini, lilionekana Tanki la Mlimani, jeupe, limejaa, na kutoka hapo bomba kuu lilishuka chini kwa chini kupita kando ya Vumbini, mita mia tatu tu kutoka nyumba ya mwisho, kwenda Jumba la Mapumziko la Mheshimiwa, kujaza bwawa la kuogelea na kumwagilia nyasi. Hilo alilijua kwa kila inchi. Ndilo aliloliandikia tasnifu yake chuoni: mita mia tatu za mfereji, mteremko mzuri, hakuna haja ya pampu. Nakala ya tasnifu ilipelekwa Wizarani, na mara ya mwisho alipoiona ilikuwa imewekwa chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba.

"Mita mia tatu," akasema peke yake. Kisha akaanza kukimbia.

*

Sasa, Idara ya Shangwe ilikuwa na utaratibu wake ambao sijausikia kwingine. Kwenye kila uzinduzi sharti uwepo mfereji wa picha. Ni mtaro wa mita kumi hivi, unachimbwa siku mbili kabla, vipande vya bomba vinalazwa ndani, Mheshimiwa anapiga picha ameinama na kofia ngumu. Baadaye vipande vinaopolewa na mtaro unaachwa kwa mbuzi. Kibali chake hakikutoka kwa mainjinia. Kilitoka kwa Bwana Makwinya, kwenye fomu ya mapambo, pamoja na maputo na vitambaa.

Sikudhani akamkuta ofisini akijaribu tai.

"Mzee, nimewaza kuhusu Vumbini. Mita kumi ni ndogo. Watu wameshazizoea."

Makwinya akageuka. "Endelea."

"Fikiria mita mia tatu, mzee. Mfereji unashuka kutoka kilimani, umenyooka, mabomba yamelala ndani moja baada ya jingine. Halafu droni inapita juu, taratibu."

"Mia tatu!" Makwinya akakaa. Macho yalimlegea. "Picha ya juu! Hakuna idara iliyowahi... Lakini mabomba yaunganishwe kweli?"

"Yakiachana, mzee, droni itaona nafasi. Itaharibu mandhari."

"Kabisa, yasiachane. Na huko juu yaanzie wapi?"

"Kuna bomba kuu la Wizara. Tukiyagusanisha hapo, na tukaweka na koki, picha itakuwa na uhai."

"Weka koki! Weka koki mbili!" Akavuta fomu ya mapambo, akaandika kwa mkono wake mwenyewe: maputo mia, vitambaa vya rangi za taifa, mabomba mita mia tatu, viungo, koki mbili. Akasaini, akagonga mhuri. Mtunza ghala wa Wizara, ambaye alikuwa amekaa na mabomba hayo miaka kumi na mmoja akisubiri mradi wenye hadhi, aliusoma ule mhuri akatokwa na jasho. Mapambo hayakuwahi kukataliwa. Akafungua mlango.

*

Wachimbaji walikuwa vibarua wale wale wa shangwe. Sikudhani aliwakusanya chini ya kile kilima, akawaambia ukweli wote, hakuwaficha kitu.

"Tukikamatwa ni kifungu cha tisa," akamaliza. "Mimi nitakuwa nimefanya kazi niliyosomea. Ninyi mtakuwa mmenisaidia. Asiyetaka aondoke sasa, sitamlaumu."

Wakatazamana. Fotunati akakuna kidevu. "Kisheria," akasema, "nasi hatukusomea kuchimba. Kwa hiyo tunaruhusiwa kabisa." Akavua shati.

Wachumi wakachimba, mfamasia akachimba. Mikono iliyozoea kupiga makofi ilitoka malengelenge, wakaifunga vitambaa vya rangi za taifa, vilikuwa vingi. Sikudhani alipita mferejini na kamba na pima maji, akipiga magoti, akikagua mteremko kipande kwa kipande. Akili yake yote ilikuwa inafanya kazi, na miguu, na mikono, na alijisikia vizuri mpaka akaogopa.

Alhamisi mchana kivuli kikamwangukia. Alinyanyua kichwa, akamwona mama yake juu ya ukingo, ameegemea fimbo, anatazama yale mabomba yaliyounganishwa.

"Hili ni la kucheka," Bi Mwajabu akauliza, "au ni la kunywa?"

"La kunywa, mama."

Bi Mwajabu akaondoka akichechemea. Baada ya nusu saa akarudi na jembe, na nyuma yake akina mama wa Vumbini kumi na saba, kila mmoja na la kwake.

Kufikia Ijumaa jioni bomba kuu lilikuwa limetobolewa, kiungo kimefungwa, koki ya juu imewekwa na kufunikwa na jiwe ambalo Sikudhani peke yake alilijua. Nguzo ikasimamishwa uwanjani. Mpira wa boza aliufunga fundo, akaulaza chini ya zulia.

*

Jumamosi saa nne ikawa saa saba, kama ilivyo ada ya waheshimiwa. Droni ikapita, Makwinya akafuta machozi. Bomba la Taifa likatolewa kwenye sanduku, likafungwa kwenye nguzo, na Sikudhani akapenya kilimani, akaifungua koki na kuirudishia jiwe lake, akawahi kushuka. Mheshimiwa Kisangilo akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi wa Vumbini!" akanguruma. "Maji ni kimiminika! Lakini niwaulize, bila uongozi bora, kimiminika hicho kingemiminikia wapi? Babu zenu walikunywa maji bila kuzinduliwa. Walijua walichokuwa wanakunywa? Hawakujua! Leo mtakunywa mkijua!"

Akazungusha bomba. Maji yakatoka kwa nguvu kidogo kuliko kawaida, lakini hakuna aliyejali. Makwinya akaonyesha kidole: Mwananchi wa Kwanza!

Sikudhani akaja mbele, akakinga kikombe. Akamwona mama yake katikati ya watu, amesimama na ndoo, anamkazia macho. Sikudhani hakunywa, wala hakucheka. Akapita na kikombe chake mpaka kwa Bi Mwajabu, akampa kwa mikono miwili. Mama akanywa chote, akapangusa mdomo.

"Si ya boza haya," akasema kwa sauti.

"Ameguswa, ameguswa," Makwinya akawahi kueleza. "Picha! Haya, askari, fungua, twende, tunachelewa mtaa wa pili!"

Askari akalifunga bomba, akalizungusha kulitoa kwenye nguzo. Lo! Maji yakaruka juu kuliko bango. Yakashuka kwenye jukwaa, yakamlowesha Mheshimiwa suti yake yote, yakaosha uso wake mwingine kule kwenye bango mpaka ukaanza kuchuruzika rangi. Vumbini wote wakapiga kelele. Fotunati alisahau kulia, akawa anacheka ameshika tumbo.

"Funga boza!" Mheshimiwa akapiga yowe.

Dereva wa boza akachungulia. "Boza sijalifungua bado, Mheshimiwa. Nilikuwa nasubiri filimbi."

Waheshimiwa wakatazamana, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nyuso zao zilionyesha hofu.

"Basi haya yanatoka wapi?"

Simu ya katibu wa Mheshimiwa ikalia. Aliyepiga alikuwa mwangalizi wa Jumba la Mapumziko, akiripoti kwamba bwawa halijai.

"Injinia!" Mheshimiwa akaita. "Injinia Mkuu wa Wizara yuko wapi?"

Akatokea bwana mmoja mwenye kofia ngumu nyeupe, safi, haijawahi kuguswa na vumbi. Alikuwa shemeji wa mtu, na chuoni alisomea mambo ya hoteli. Akasogea, akanyoosha kidole, akakilowesha, akakinusa.

"Haya ni maji," akatoa taarifa.

"Najua ni maji! Yafunge!"

"Mimi, Mheshimiwa, hasa niko upande wa mapokezi."

Makwinya ndiye aliyekumbuka. Alimrukia Sikudhani, suti imemganda mwilini. "Wewe! Wewe ndiye uliyechora! Funga haraka!"

"Siwezi, mzee," Sikudhani akasema. "Mimi ni Msubiri. Nikigusa koki nitakuwa nimefanya kazi niliyosomea. Kifungu cha tisa, miezi sita."

"Ni kweli," Fotunati akaongeza kutoka nyuma. "Nami kwa kweli siruhusiwi kulisema hilo, maana ni la kisheria, lakini ndivyo lilivyo."

Maji yalikuwa yamefika kwenye viatu vya Mheshimiwa. "Mwajirini!" akafoka. "Sasa hivi! Barua! Mhuri!"

Katibu alisafiri na mihuri siku zote. Akaandika juu ya mgongo wa Makwinya, kwa kuwa meza ilikuwa imelowa. "Injinia wa Maji, ajira ya kudumu," akasoma. "Mheshimiwa, hapa panataka uzoefu."

"Andika kumi!"

"Miaka kumi," katibu akaandika. Mhuri ukalia paaa kwenye mgongo wa Mkurugenzi wa Shangwe.

Sikudhani akaipokea. Jamani, miaka minne! Foleni nane, mikoa yote, boza zima la vicheko, na barua yenyewe ikaja kwa pumzi moja, imelowa pembeni, kwa sababu mtu mkubwa ameloa soksi. Alitamani kuichana. Akaisoma mara mbili kwa sauti ili wote wasikie, kisha akaikunja akampa mama yake ashike. Akapanda kilimani na Adelina bila haraka, akaliondoa jiwe, akafunga koki, akamwacha mwenzake hapo. Uwanjani maji yakatulia.

Aliporudi askari alikuwa ameshafungua lile sanduku la mahameli.

"Niletee hilo bomba," Sikudhani akasema.

Akalifunga kwenye nguzo kwa mikono yake, akalikaza kwa spana mpaka likalia. Akampungia Adelina aliyekuwa kule juu, naye akafungua koki.

"Mimi Injinia wa Maji," akasema, akimgeukia Mheshimiwa, "nimekagua mradi huu. Umekamilika. Bomba halitoki hapa."

"Nini?"

"Kifungu cha tatu cha sheria ya maji," Fotunati akasema, na safari hii hakuomba radhi. "Mradi uliopitishwa na injinia hauvunjwi mpaka injinia mwingine aandike sababu za kitaalamu."

Macho yote yakaenda kwenye kofia nyeupe. Kofia nyeupe ikatazama pembeni.

"Askari!" Mheshimiwa akaita. "Ling'oe!"

Askari akatazama. Kati yake na bomba walikuwa wameshasimama akina mama wa Vumbini, ndoo zimepangwa mstari, wa kwanza Bi Mwajabu na goti lake. Askari akarudisha bunduki begani.

"Amri yangu, Mheshimiwa, ni kulinda Bomba la Taifa," akasema. "Bomba ni hilo hapo." Akasimama kando yake, akaanza kulilinda.

*

Sikudhani alifukuzwa kazi siku hiyohiyo kabla jua halijazama. Barua ilichelewa kidogo tu, kwa kuwa wakubwa walibishana juu ya sehemu ya sababu. Mmoja alipendekeza "amefikisha maji," wengine wakasema hiyo itasomeka vibaya. Mwishowe wakaandika kwa kifupi: "Amefanya kazi."

Hakukamatwa. Walijaribu kumfungulia kesi, lakini mabomba yalikuwa mapambo, na mapambo yalikuwa na saini ya Makwinya. Makwinya akahamishiwa Idara ya Rambirambi. Bomba la Taifa halikurudi kwenye sanduku, na uzinduzi sasa ulifanywa kwa picha yake iliyowekwa kwenye fremu.

Halafu likazuka jambo la ajabu. Mitaa mingine ikaanza kuomba mifereji ya picha. Mita mia mbili huku, mita mia tano kule, yote kwa fomu za mapambo, na Mkurugenzi mpya, aliyependa droni kuliko hata mtangulizi wake, akawa anasaini tu. Wasubiri walichimba. Sikudhani alikwenda kote, na kamba yake na pima maji, bila barua wala kadi. Serikali iliposhtuka ilikuwa mitaa sita inakunywa. Ikatangazwa redioni kwamba ni marufuku msomi kukutwa na sepetu.

Siku ya kuhuisha kadi ikafika. Wengi walidhani Sikudhani hatatokea. Alitokea saa mbili kamili, akitoka mferejini moja kwa moja, udongo mwekundu mpaka magotini, akapanga foleni kama watu wengine. Dirishani alikuwepo Bi Hidaya, karani wa miaka yote, miwani puani, mhuri mkononi.

"Jina?"

"Sikudhani."

"Umesomea?"

"Uhandisi wa maji."

"Kazi?"

Sikudhani akasimama wima, na kwa sauti ya kusikika, kama sheria inavyotaka, akasema, "Injinia wa maji."

"Dada yangu," Bi Hidaya akanong'ona, "ulifukuzwa, nchi nzima inajua. Sema ninasubiri, nikugongee, upite. Usinitie matatani."

"Sisubiri."

"Unasemaje?"

"Sisubiri!" Sikudhani akarudia, na sauti yake ikafika mpaka mlangoni.

Bi Hidaya akainuka kidogo kwenye kiti kutazama nyuma yake, amwite askari. Akamwona Fotunati, udongo mpaka magotini. Nyuma yake Adelina, hivyohivyo. Nyuma yao wachumi, na yule dada wa falsafa, na foleni ikaendelea kutoka nje mpaka barabarani, na miguu yote aliyoweza kuiona ilikuwa myekundu.

Akakaa. Akaufunika ule mhuri na kifuniko chake, akausukuma pembeni. Akasogeza uso karibu na tundu la kioo.

"Sisi kwetu ni Machangani," akasema kwa sauti ya chini, "na tangu nizaliwe sijaona tone la bomba. Kwetu mtafika lini?"

"Jumamosi," Sikudhani akamwambia. "Uje na jembe."